Ofseti ya Kisu kwenye Mashine ya Kukereza

Wakerezaji wenzangu, programu haijui kisu chako kimechomoza kiasi gani kwenye tareti, kile kichwa kinachobeba visu. Yenyewe inasema tu: nenda kipenyo cha milimita 40. Ncha iko wapi hasa, hilo mashine huambiwa na wewe, kwa ofseti, yaani vipimo vya mahali ncha ilipo unavyohifadhi kwenye mashine.

Funga chuma, kereza ganda jembamba la nje, kisha toa kisu kwa Z (mwendo wa kufuata urefu wa chuma) peke yake. X (mwendo wa kuelekea kitovu au kutoka kwacho) usiiguse! Simamisha mzunguko, pima kwa maikromita. Ukisoma 48.62, ingiza hiyohiyo kwenye ukurasa wa jiometri, yaani wa ofseti kuu za visu, mstari wa kisu hicho. Kwa Z, sawazisha uso wa chuma, toka kwa X, ingiza 0. Katika mashine nyingi, amri T0303 kwenye programu ni kisu cha nafasi ya 3 na ofseti namba 3. Ukiteleza ukaandika T0304, mashine haitakuuliza. Itafuata vipimo vya kisu kingine, na hapo ndipo taya zinazoshika chuma hugongwa.

Sasa tukae kidogo kwenye marekebisho, maana hapa wengi huharibu kazi. Kipande kimetoka 40.06 badala ya 40. Jiometri iache. Fungua ukurasa wa ulikaji, ule wa marekebisho madogo ncha inapolika, ongeza -0.06 kwenye X. Kwa nini si -0.03? Kwa sababu X kwa kawaida husomwa kama kipenyo, na mashine yenyewe itasogeza ncha 0.03. Na tundu la ndani likiwa dogo kwa 0.06? Hapo ni +0.06. Msikariri alama, jiulizeni: ncha isogee kuelekea kitovu, au iende mbali nacho?

Halafu, tafadhalini, pimeni kazi ikiwa imepoa. Chuma cha kipenyo cha 100 kikipanda nyuzi 20 za Selsiasi hutanuka kama 0.023. Ukirekebisha kwa kipimo cha moto, kikipoa kitakuwa chembamba kuliko ulivyotaka.

Kipande cha kwanza cha kukereza nje, mimi huanza na ulikaji wa X ukiwa +0.3. Nakereza, napima, ndipo naishusha na kupitisha kisu tena. Na ukiweka ncha mpya, rudisha ulikaji kwenye 0 kwanza: tarakimu zilizokuwa pale zilifuata ncha iliyokwisha kulika. Kisha weka tena ile +0.3, upime upya.