Unganisha visikizio vya Bluetooth na boksi ya tivii (zima simu kwanza!)

Haya, karibuni tena. Leo tunataka kuangalia tivii usiku wa manane bila kuamsha nyumba nzima. Boksi yangu hii ni ya Google TV, visikizio vimo ndani ya kasha lake, na simu naisogeza mbali kabisa. Mtaona kwa nini.

Kuwasha boksi mnajua. Ingia Mipangilio, shuka mpaka sehemu ya rimoti na vifuasi, chagua kuoanisha kifuasi kipya. Wenye Fire TV au Apple TV, hata nyie mtaipata humo humo kwenye mipangilio, tafuteni neno Bluetooth.

Sasa inatafuta… bado inatafuta… haioni kitu. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima mara ya kwanza, nikaapa boksi ni mbovu. Zima Bluetooth ya simu! Ukifungua kasha tu, visikizio vinaikimbilia simu vilivyoizoea, na vikishashikana nayo, boksi ndiyo basi tena. Kusimamisha muziki hakutoshi. Zima Bluetooth yenyewe, na ya tableti pia kama iliwahi kuvitumia.

Umezima? Fungua kifuniko, bonyeza kitufe cha kasha na ushikilie. Usiachie. Usiachie! Taa ikiwaka imetulia, bado, tunataka ipepese. AirPods zenye kitufe cha nyuma hupepesa nyeupe, vyangu… ngojeni, kamera inalenga kidole changu. Nasogea. Haya, ile pale ya bluu, inapepesa. Kama chako hakina kitufe, huenda unashikilia visikizio vyenyewe. Karatasi iliyokuja navyo itakuambia. Ndiyo, ile uliyoitupa.

Jina limetokea. Bonyeza, kubali, imeshika.

Naongeza sauti kwa rimoti… ah, inayopanda ni ya tivii! Rimoti yangu huituma amri ya sauti moja kwa moja kwa tivii, kwa infraredi (mwanga usioonekana), visikizio havina habari. Basi naongeza kwa kugusa kisikizio chenyewe.

Sauti ikikatakata, usivilaumu visikizio haraka. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na Wi-Fi nyingi zimo humo humo. Hamishia boksi kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Na kama boksi imejificha nyuma ya tivii, itoe pembeni, hata kwa waya mfupi wa HDMI, maana kioo kizima kinaiziba.

Midomo ikitangulia maneno, hilo ni kawaida ya Bluetooth: sauti hufungashwa, hutumwa, ndipo hufunguliwa. Programu nyingi za filamu husawazisha zenyewe. VLC na Kodi, programu za kuchezea video, zinakuruhusu kurekebisha ucheleweshaji wa sauti kwa milisekunde. Anza kidogo kidogo, ukiangalia mtu anayeongea karibu na kamera. Mimi huangalia mpira, midomo hainisumbui, ila refa akipuliza kipenga na mlio ukafika ameshakitoa mdomoni, najua leo nina kazi.