Kutengeneza kasha la mpira wa maji taka chini ya trela ndogo ya safari

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo nitakuonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kutengeneza kasha la kuhifadhia mpira wa maji taka na kulifunga chini ya trela ndogo ya safari, ile inayovutwa na gari la kawaida la familia. Ninaishi Minnesota, Marekani, na trela unayoiona nyuma yangu ina upana wa mita 2 tu, kwa hiyo nafasi ya ndani ni finyu na kila kitu hakina budi kupewa mahali pake.

Kwa yule ambaye hajawahi kusafiri na trela ya namna hii, nieleze kwanza mpira wenyewe ni upi. Chini ya sakafu kuna matangi mawili, moja la choo na jingine la maji ya sinki na ya kuogea. Yanapojaa, unakwenda kwenye kituo cha kumwagia maji taka, unafunga mpira mnene wa inchi 3 kwenye mdomo wa bomba la trela, upande wa pili unauingiza kwenye shimo la kituo, kisha unavuta vali. Unaanza na tangi la choo na kumalizia na la maji ya sinki, ili maji ya sabuni yasukume uchafu uliobaki mpirani. Baada ya hapo unausuuza mpira kwa maji mengi, unaukunja, na hapo ndipo swali linapokuja: utauweka wapi?

Msimu wetu wa kwanza niliuweka kwenye ndoo yenye kifuniko, ndani ya sanduku la mbele la trela, kando ya mpira mweupe wa maji ya kunywa. Siku tuliyorudi kutoka hifadhi ya Itasca, mahali unapoanzia mto Mississippi, kifuniko kilifunguka kwa mtikisiko wa barabara, na tulipofika nyumbani niliukuta ule mpira mweupe umelala kwenye majimaji yaliyochuruzika kutoka kwenye ndoo. Niliutupa siku hiyo hiyo. Wanangu wanakunywa maji yanayopita katika mpira ule, na sikuwa tayari kuamini kwamba dawa yoyote ingeusafisha ukawa salama. Tangu hapo nimeshika kanuni moja, nayo ndiyo inayoongoza kazi yote ya leo: mpira wa maji taka haukai ndani ya trela, na haukai sanduku moja na kitu chochote cha maji safi.

Huenda utaniuliza kwa nini nisiutie ndani ya bampa. Ni kweli kwamba trela nyingi za Marekani zina bampa la chuma la mraba, inchi 4 kwa inchi 4, lililo wazi ndani na lenye vifuniko vya plastiki pande zote mbili. Hata hivyo, mpira wenyewe unaingia, lakini viungio vya kwenye ncha zake haviingii, kwa sababu vina masikio yanayotokeza pembeni. Isitoshe, unyevu ukikaa humo kutu huanza kulila chuma kutoka ndani, mahali usipopaona. Tuliache bampa lilivyo.

Sasa tuanze na vipimo, na hapa naomba tusiharakishe. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kupima unene wa mpira badala ya unene wa kiungio. Mimi mwenyewe nilinunua bomba la mviringo la inchi 4, nikalikata, nikalisafisha kwa msasa, na nilipojaribu kuingiza mpira ukakwama palepale mdomoni. Tazama hapa kwenye kamera: nimeshika kiungio, na ninapima kutoka ncha ya sikio moja hadi ncha ya sikio la pili. Napata milimita 116. Hicho ndicho kipimo kinachoamua ukubwa wa kasha, na wewe upime cha kwako kwa sababu viungio havifanani.

Kwa kipimo hicho, nyenzo inayofaa ni nguzo ya uzio ya plastiki nyeupe, ya mraba, inchi 5 kwa inchi 5, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa urefu wa futi 8 au zaidi. Ya kwangu ina nafasi ya ndani ya milimita 119. Utaona kwamba tofauti ni milimita 3 tu, lakini umbo la mraba linatusaidia: nikikigeuza kiungio kidogo ili masikio yake yaelekee kwenye pembe za nguzo, kinateleza bila kugusa popote. Bomba la mviringo halikupi nafasi hiyo.

Urefu ni jambo rahisi zaidi. Mpira wangu una urefu wa mita 3 ukinyooshwa, na ukiukandamiza unabaki kama mita 1. Ongeza kiwiko cha mwishoni, yaani kile kiungio kilichopinda kinachoingia kwenye shimo la kituo, na nafasi ya kuingiza mkono, utapata sentimita 140. Weka alama pande zote nne kwa penseli na rula ya pembe mraba, kisha ukate kwa msumeno wenye meno madogo, ukizungusha nguzo upande baada ya upande badala ya kukata moja kwa moja hadi chini. Lainisha kingo kwa msasa, nje na ndani, maana ukingo mkali wa plastiki unaweza kuuchana mpira siku ya kwanza.

Kabla ya kuingia chini ya trela, isimamishe mahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, na uiegemeze kwenye stendi imara. Usiingie chini ya trela iliyobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kamera sasa iko chini, na ninakuomba utazame pamoja nami. Hizi boriti mbili ndefu za chuma zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma ndizo zinazobeba trela yote. Huu waya unaoelekea gurudumuni ni wa breki za umeme. Na hili bomba jembamba linalofuata boriti ni la gesi ya jiko. Lipake alama ya chaki nyekundu sasa hivi, kwa urefu wake wote unaouona, ili drili yako isije ikalikaribia. Fuatilia pia mahali matangi yalipo, kwa kuwa plastiki ya tangi ni nyembamba na skrubu ndefu kidogo tu inaweza kulitoboa.

Mahali nilipochagua ni nyuma ya magurudumu, kasha likiwa limelala kukingama chini ya boriti zote mbili, na mlango wake ukiwa upande wa kushoto. Nchini Marekani mdomo wa maji taka kwa kawaida huwa upande huo, upande wa dereva, kwa hiyo mpira unatoka kwenye kasha na kufungwa bila kuzunguka trela. Pima kimo kwa njia hii: funga kamba kutoka sehemu ya chini ya tairi, pale linapogusa ardhi, hadi kwenye sehemu ya chini kabisa ya nyuma ya trela, uivute ikaze. Kasha zima lazima liwe juu ya kamba hiyo. Likishuka chini yake, litakuwa la kwanza kugonga zege utakapopanda kwenye lango lenye mteremko. Ikiwa kwako haliwezi kukaa juu ya kamba, lisogeze mbele, karibu na ekseli, hadi lipate nafasi.

Kwa upande wa uzito, mpira na kasha lake ni vitu vyepesi. Hata hivyo kumbuka kwamba trela inayotulia barabarani huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye kiungio kinachoiunganisha na gari linaloivuta, na kila unachokiongeza nyuma ya ekseli kinapunguza kiasi hicho. Kama tayari umefunga baiskeli na tairi la akiba kule nyuma, pima upya kabla ya kusafiri.

Sasa tufike kwenye vishikizo, ambavyo ndivyo vinavyobeba kazi yote. Nimechukua kipande cha bapa la chuma chenye upana wa sentimita 4 na unene wa milimita 3, nikakikunja kiwe kama herufi U inayoizunguka nguzo, na ndani yake nimebandika ukanda wa raba. Ninatengeneza viwili, kimoja kwa kila boriti. Boriti zangu zina ubawa wa chini, yaani ukingo bapa unaotokeza upande, kwa hiyo ninavifunga kwa vibanio vinavyoubana ubawa huo pasipo kutoboa chochote. Sipendi kabisa kutoboa ubawa wa chini wa boriti. Trela inaporuka kwenye mashimo, chuma cha juu kabisa na cha chini kabisa ndicho kinachovutwa na kubanwa kuliko kingine, na tundu lililopo pale ni mwanzo wa ufa. Ikiwa chasisi yako ni ya bomba la mraba na vibanio havina pa kushika, toboa kwenye ubavu, katikati ya kimo chake, ambako nguvu hizo ni ndogo, kisha upake rangi ya kuzuia kutu kwenye kila tundu kabla ya kupitisha bolti. Kwangu hilo halikuhitajika.

Usikaze kasha kana kwamba unafunga injini. Plastiki hii hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi, takribani milimita 3 kwa kila mita kwa tofauti ya nyuzi 50 za Selsiasi, na hapa Minnesota tofauti kati ya Julai na Januari inapita hapo. Kishikizo cha upande wa mlango kikaze vizuri, na cha upande wa pili kikaze kiasi cha kulishika kasha lisicheze, lakini raba iliache liteleze kidogo. Vilevile tumia nati zenye nailoni ndani, ambazo hazifunguki kwa mtikisiko.

Nimeinamisha kasha kidogo kuelekea upande uliozibwa, sentimita 1 hivi, ili maji yasinikimbilie mikononi nikifungua mlango. Kwenye uso wa chini, karibu na mwisho huo, ninatoboa matundu sita ya milimita 6. Endesha drili polepole bila kuisukuma, na usifanye kazi hii siku ya barafu, kwa sababu plastiki iliyopoa hupasuka kama kigae. Matundu haya ni ya matone yaliyobaki baada ya kusuuza tu. Mpira haupaswi kuingia humu kabla haujasuuzwa, ukakung'utwa na kuzibwa ncha zote mbili kwa vifuniko vyake, kwa kuwa hatuna haki ya kumwaga uchafu wetu kwenye barabara ya watu.

Karibu na mlango, juu ya ubavu, toboa matundu mengine manne ya kupitisha hewa na uyabandike wavu laini wa dirisha kwa ndani. Nyigu wa matope wanapenda sana nafasi tulivu kama hii, na kiota chao kikishakauka ni kigumu kukibandua.

Mwisho wa upande wa pili nauziba kwa kofia ya nguzo, inayouzwa pamoja na nguzo zenyewe, nikiibandika kwa gundi ya mabomba ya plastiki. Kofia ya upande wa mlango haibandikwi. Ninaifunga bawaba ndogo ya chuma kisichoshika kutu kwenye ukingo wa chini, kwa ribiti mbili kila upande, huku nikiweka wesha pana kwa ndani ili ribiti isiichane plastiki na kuchomoka. Bawaba ikiwa chini, mlango unaning'inia wenyewe ukiufungua, na mikono yako yote miwili inabaki huru kushika mpira. Juu ninaweka komeo la kuvuta, na kwenye komeo pini ya usalama yenye mnyororo mfupi. Usiiache pini hiyo. Komeo peke yake linaweza kufunguka baada ya kilomita chache za changarawe, na mpira wa maji taka ukidondoka mbele ya gari la mtu kwenye barabara kuu, madhara yake hayatakuwa ya usafi peke yake.

Tujaribu. Ninavaa glavu, ninaukandamiza mpira, ninazigeuza ncha ili masikio yaelekee kwenye pembe za nguzo, na ninausukuma. Sikiliza: hakuna mkwaruzo, ila sauti ya plastiki ikiteleza juu ya plastiki. Kiwiko kinafuata, kisha mlango, komeo, pini. Ninalishika kasha kwa mikono miwili na kulitikisa kwa nguvu, na trela yote inatikisika pamoja nalo, jambo ambalo ndilo nililolitaka.

Katika safari ya kwanza, simama baada ya kilomita 80 hivi na ukaze tena nati za vibanio, kwa sababu raba mpya hubonyea na kulegeza kila kitu. Ukifika nyumbani, fungua mlango, toa vifuniko vya mpira na uuache ndani ya kasha siku nzima ukipitiwa na hewa. Ninapoiegesha trela kwa majira ya baridi, naufungua mpira wote, ninauning'iniza kwenye gereji hadi ukauke kabisa, na ninaurudisha kwenye kasha mwezi wa Aprili, baada ya kuchungulia kwa tochi kama hakuna panya aliyepitisha baridi humo.