Mrengo wa Kati: Umeuona Wapi?

Ndugu zangu, nianze na ngalawa. Waliokulia pwani wanaujua mrengu, wengine husema mrengo: ule mti unaolazwa juu ya mtumbwi, ukatokeza huku na huku, ncha zake zikashika matengo, zile mbao za pembeni zinazoelea, ili chombo kisibinuke. Sasa mimi nikisikia redioni "chama cha mrengo wa kati", yaani kisichoegemea siasa za kulia wala za kushoto, nacheka kidogo. Mrengo hutokeza kulia na kushoto. Katikati ndimo wanamokaa watu na samaki wao.

Habari hii ya kulia na kushoto ilianzia Ufaransa, mwaka 1789. Bungeni, waliotaka mfalme abaki na nguvu ya kuzuia sheria walikaa kulia, waliopinga wakakaa kushoto. Katika bunge la 1792 wakali walishika viti vya juu, wakaitwa Mlima. Wengi wasiojifunga na upande walikaa chini, wakaitwa Uwanda, na wasiowapenda wakawaita Kinamasi. Yaani matope! Lakini Julai 1794 Robespierre, kiongozi wa Mlima, hakuanguka mpaka hao wa Kinamasi walipomgeuka.

Nasi tuna matope yetu ya kuwapaka watu wa kati. Tunawaita popo, si ndege si mnyama. Tunawaita ndumilakuwili. Hata hilo "siasa za wastani" la vitabuni lina doa: mwalimu akikuambia mwanao ni wa wastani, hutarudi nyumbani ukipiga vigelegele.

Tazameni Zanzibar. Tarehe 5 Novemba 2009 Amani Karume, Rais wa Zanzibar wakati huo, alikutana Ikulu na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani. Hakuna aliyehama chama. Karume alibaki CCM, chama tawala, Seif akabaki CUF, chama cha upinzani. Kura ya maoni ya Julai 31, 2010 kuhusu serikali ya pamoja ikapita kwa zaidi ya asilimia 66, na baada ya uchaguzi ikaundwa serikali ya umoja wa kitaifa. Je, watu waliliita jambo lile mrengo wa kati? Hapana, waliliita maridhiano. Mrengo unauliza umekaa wapi. Maridhiano yanauliza umefanya nini na mwenzako. Na sarufi yenyewe inakubana: kuridhiana hakufanywi na mtu mmoja.

Ndiyo maana mwanasiasa akijinadi kwangu kuwa ana msimamo wa kati, humuuliza: kati ya nani na nani? Mmoja alifikiri kitambo, akanijibu: "Kati tu, mzee wangu."