Mtoto Keshapelekwa Spitali

MAALIM: Assalamu alaykum. Tuko Michenzani, ghorofa ya tatu, tunarikodi kipindi chetu, madirisha tumeyafunga ili pikipiki za chini zisitutilie kelele, kwa hivyo joto tunalivumilia. Mimi ni Maalim wenu, mchana nasomesha Kiswahili, jioni nasomesha maigizo.

DADA: Waalaykumu salaam. Na mimi ndiye Dada yenu, muigizaji, huu mwaka wa nne. Maalim, leo tusizunguke. Juzi umeingia ujumbe wa sauti kutoka Wete, Pemba. Nimeusikiliza mara tatu ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo changu.

MAALIM: Wasimulie.

DADA: Ni binti wa miaka 19. Kachaguliwa kwenye tamthilia Dar es Salaam, kazi ya miezi mitatu. Usaili kajirikodi mwenyewe kwa simu, uani kwao, kuku wanapita nyuma yake. Wamempenda. Ila wamemtilia sharti: arekebishe matamshi, kwa sababu watazamaji hawatamuelewa. Anauliza mambo mawili. Aende? Na ulimi wake aufanye nini?

MAALIM: Hilo la pili limeniuma. Maana mwaka 1930, ilipoundwa ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ili kipatikane Kiswahili kimoja cha skuli na vitabu, msingi uliokuwa umeshachaguliwa ni Kiunguja cha mjini. Hichi hichi. Leo mtoto wa Visiwani anavuka bahari anaambiwa haeleweki!

DADA: Lakini Maalim, huyu ni wa Wete. Kipemba hakikuchukuliwa kuwa msingi. Hata hapa Unguja akifungua mdomo kuna watu wanacheka.

MAALIM: Kweli. Umenirudisha njiani, na ahsante. Sisi wenyewe tunawacheka. Nimewahi kuwa na mwanafunzi kutoka Micheweni, huko huko Pemba, muigizaji mzuri kuliko wote darasani, alikuwa hataki kusoma kwa sauti. Nilichukua muhula mzima kumtoa ule woga.

DADA: Basi n'kusimulie yaliyonikuta mimi, kisha tumjibu. Sikupata kukwambia yote.

MAALIM: Sema.

DADA: Kazi yangu ya kwanza yenye maneno ilikuwa Dar. Kampuni siitaji. Nilikuwa msichana wa kazi, na kwenye skripti imeandikwa wazi kwamba anatoka Zanzibar. Nina sini nne. Katika sini ya tatu naingia sebuleni kumwambia mama mwenye nyumba kuwa mwanawe kaanguka. Maneno yenyewe: "Mama, mtoto ameshapelekwa hospitali." Basi. Dairekta akasema "ekshen," mimi nikaingia mbio, nikasema, "Mama, mtoto keshapelekwa spitali."

MAALIM: Ndivyo tusemavyo.

DADA: Akasimamisha. "Sema ameshapelekwa. Sema hospitali." Sawa. Teki ya pili, nikasema "ameshapelekwa spitali." Ya tatu, "keshapelekwa hospitali." Watu wa taa wameanza kukaa chini. Yule mama niliyekuwa naigiza naye, mtu mzima, kaigiza miaka, kila teki anaanza upya kunitazama kwa hofu kama ndiyo mara ya kwanza, na mimi namchosha. Teki ya nane nikalisema lote sawasawa, herufi kwa herufi. Dairekta akaangalia skrini, akasema, "Sasa umesema vizuri, lakini uso wako hauna habari yoyote."

MAALIM: Subhanallah.

DADA: Nikaenda kutazama. Kweli, Maalim. Ule uso ulikuwa wa mtu anayefanya mtihani. Mtoto kaanguka, damu zinamtoka, na mimi nahesabu silabi. Teki ya kwanza, ile niliyokosea, pumzi ilikuwa ya mbio, macho yalikuwa yanatafuta pa kushika. Ile hawakuitumia. Iliyokwenda hewani ni ya nane. Mama yangu, kwetu Jang'ombe, aliitazama na majirani, akanambia, "Mwanangu, mbona ulikuwa umekasirika?"

MAALIM: Hapo ndipo ninapotaka watu wasimame kidogo. Watu wanadhani lafudhi ni kitu cha mdomoni. Neno lako la nyumbani limefungwa pamoja na pumzi yako, na pumzi ndiyo inayovuta uso. Ukimlazimisha mtu abadilishe neno dakika ile ile kamera inapowaka, akili yake inahamia kwenye ulimi na mwili unabaki hauna mwenyewe. Na kamera inaliona hilo. Jukwaani unaweza kuficha kwa mkono, kwa sauti. Kamera imekaa karibu, inaona kope.

DADA: Na bado hujasikia lililoniudhi zaidi. Baada ya kunisahihisha nisiseme "spitali," sini ya nne wakaniongezea maneno ili "nionekane Mzanzibari." Walichoniongezea ni "yakhe." Tatu, katika sentensi mbili.

MAALIM: Kumwambia nani?

DADA: Yule mama mwenye nyumba.

MAALIM: Yakhe! Umwambie mama? Yakhe ni neno la wenza, la vijana barazani, mtu na rafiki yake. Binti akimwambia mama mwenye nyumba "yakhe," hapa kwetu atafungiwa chakula.

DADA: Nilisema hivyo hivyo, kwa adabu. Nikaambiwa, "Watu wanajua Wazanzibari wanasema yakhe." Nikasema. Nilikuwa nahitaji ile pesa, na nilikuwa naogopa nisiitwe tena. Lile la kubadilisha spitali nimeshalisamehe. Hili la yakhe bado.

MAALIM: Mwanangu, hulaumiwi. Lakini hebu tulitenganishe jambo hili, maana yule wa Wete asije akadhani tunamfundisha ukaidi. Kuna kuigiza mtu wa kwingine. Ukipewa mhusika wa Tabora, jifunze lafudhi ya Tabora. Kaa na watu wa Tabora, sikiliza wanavyovuta maneno, miezi miwili kabla, ili siku ya kushuti usihesabu silabi. Hiyo ni kazi, ni ufundi, na muigizaji anayekataa hatafika mbali. Kisha kuna mhusika ambaye ni wewe, wa kwenu, halafu unaambiwa ufute jinsi unavyosema kweli na ubandike jinsi wengine wanavyodhani unasema. Hapo ndipo pa kusema hapana.

DADA: Au pa kuomba teki mbili. Siku hizi nafanya hivyo. Namwambia dairekta, "Nipe moja kama ilivyoandikwa, na moja ya kwetu, uchague mwenyewe." Sijawahi kukataliwa. Na mara nyingi inayochukuliwa ni ya kwetu, kwa sababu uso upo.

MAALIM: Hilo sikulijua. Zuri sana hilo.

DADA: Nimejifunza kwa wakubwa seti. Mambo mengi ya kazi hii hakuna anayekukalisha akufundishe. Unajua nilianzaje? Ekstra, mtu wa kujaza picha tu, hapa hapa Mji Mkongwe. Filamu ya wageni. Tumeitwa saa kumi na moja alfajiri, tumekaa mpaka saa nne ndipo nikaambiwa, "Wewe kaa hapa, kula urojo." Nikafurahi! Sikuwa nimekunywa chai. Teki ya kwanza nikala kweli, bajia nzima, kachori, na ule mchuzi wa embe nikaunywa. Teki ya pili wakajaza bakuli. Nikala tena. Kufika ya sita tumbo limejaa, na bwana wa muendelezo ananijia na picha kwenye simu: "Teki ya kwanza kijiko kiliingia yule mwanamme alipogeuka. Na bajia ilikuwa kushoto." Kila kitu lazima kifanane, la sivyo wakija kuunganisha picha, bajia inaruka. Nilikula mabakuli tisa. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu, ekstra pia, alikuwa anachota mchuzi tu, anaugusisha mdomoni. Ananambia, "Mjukuu wangu, unachokifanya mara ya kwanza utakifanya mara kumi. Anza kidogo."

MAALIM: Na adhana je?

DADA: Ah, adhana. Bwana sauti alikuwa Mzungu, kila mara anainua mkono tusimame. Anadhani ni moja, itakwisha. Sasa Mji Mkongwe msikiti huu unamaliza, ule unaanza, na wa tatu unafuata. Mwisho yule bibi akamwambia kwa ishara, kaa chini, kunywa maji. Hapo tukapumzika wote.

MAALIM: Haya, na mkataba? Maana binti kasema miezi mitatu, hakusema kaandikiwa nini.

DADA: Hapa nitakuwa mkali. Mie ile kazi ya kwanza niliambiwa siku tano. Nikakaa siku kumi na moja, nikalipwa tano. Karatasi niliyotia saini ilikuwa na jina langu, jina la tamthilia, na jumla ya pesa. Siku hazikuandikwa. Nauli ya boti haikuandikwa. Pa kulala hapakuandikwa, nikalala kwa shangazi yangu Ilala, narudi saa sita za usiku na gari ya kazi imeniacha barabara kubwa. Kwa hivyo mdogo wangu wa Wete: iandikwe idadi ya siku, iandikwe malipo kwa kila siku inayozidi, iandikwe nauli kutoka Pemba, siyo kutoka Unguja, kwa sababu wewe una bahari mbili za kuvuka. Na iandikwe nani anakurudisha usiku.

MAALIM: Na mzee wako aisome kabla hujatia saini. Baba, mama, mjomba, yeyote. Siyo kwa sababu huna akili. Watu wakijua nyuma yako kuna watu, wanaandika vizuri.

DADA: Sasa aende, Maalim?

MAALIM: Mimi ningependa abaki, nikuambie kweli. Mwaka 1973 Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, na Bara wakaja kupata ya kwao 1994. Mimi nimekua na michezo ya televisheni yetu hiyo, TVZ, tumejazana kwa jirani, watoto chini, wazee kwenye viti, na waliokuwa wakiigiza mle walisema kama sisi. Hakuna aliyewarekebisha. Nikikumbuka hayo, naona uchungu kwamba mtoto wa leo akitaka kula kwa kazi hii lazima apande boti.

DADA: Lakini kupanda boti si aibu.

MAALIM: Si aibu hata kidogo. Siti binti Saad, muimbaji wa taarab, alitoka Fumba, binti wa shamba, na 1928 akapanda meli mpaka Bombay kurikodi. Kwenda kote kule, akaimba Kiswahili chake. Zile santuri zikarudi zikauzwa pwani yote hii na bara.

DADA: Ndiyo ninayotaka kumwambia. Aende. Mimi sijuti kwenda, na kesho nakwenda tena. Chaneli za tamthilia za Kiswahili ziko kule, watayarishaji wako kule, na huwezi kujifunza kusimama mbele ya kamera kwa kuhadithiwa. Na tusimfiche, mambo yanabadilika. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni hadithi ya hapa hapa, ya miaka ya 1950, na Septemba 2021 ilioneshwa tamasha la filamu la Toronto. Mtu wa Kanada kaweza kuifuata, akasoma maandishi chini. Itakuwaje mtu wa Dodoma ashindwe kumuelewa binti wa Wete?

MAALIM: Na kabla hajaondoka, kama kuna siku za ZIFF, tamasha letu la filamu, aje Ngome Kongwe. Lipo tangu 1998. Akae mbele, asitazame filamu tu, atazame na wanaopanda jukwaani kuzizungumzia. Wale ndio wanaotafuta sura mpya, na hapo hakuna anayemuomba aseme yakhe.

DADA: Ulimi wake sasa. Mdogo wangu, waombe skripti mapema, usikubali kupewa asubuhi ya kushuti. Ukiona mhusika wako kaandikwa anatoka Pemba, waulize: anatoka Pemba ipi? Kama jibu ni "Pemba tu, ya wachawi," basi ujue hapo una kazi ya kuwafundisha, na uanze siku ya kwanza ya mazoezi, si mbele ya kamera. Kama mhusika ni wa kwingine, tafuta mtu wa huko, lala na simu sikioni. Na ule ujumbe wako ulioniletea, usiufute. Ile sauti uliyosema "mama anaogopa lakini hasemi," nimeisikia sina hata picha yako, nikamuona mama yako.

MAALIM: Mkataba atume wapi?

DADA: Atutumie hapa hapa, kabla ya saini. Mimi nitausoma njiani. Boti yangu ni ya saa moja asubuhi, na mkoba bado sijaufunga.

MAALIM: Una sini ngapi safari hii?

DADA: Kumi na mbili. Na ndani yake kuna hospitali.

MAALIM: Umeomba teki mbili?

DADA: Nimeshaomba.