Jongoo wa Bamburi

Mabibi na mabwana,

Anayepita leo barabara ya Mombasa kwenda Malindi, akauona msitu uliofunga pale Bamburi, ni vigumu kuamini kwamba miti ile imesimama ndani ya machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe ya kale hadi karibu na maji ya ardhini, na kilichoachwa nyuma kilikuwa uwanda mweupe wa mwamba, wenye joto kali, usio na udongo, na maji yake ya chumvichumvi.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda hicho, alijaribu kupanda aina 26 za miti juu ya mwamba huo. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi na mti ambao kitaalamu huitwa Conocarpus lancifolius. Mvinje ulitangulia yote, kwani huvumilia chumvi, na mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, kwa hiyo hauhitaji ardhi yenye rutuba.

Lakini majani ya mvinje yana tanini nyingi, kemikali chungu inayochelewesha kuoza. Yalidondoka, yakarundikana, yasioze, na pasipooza majani hapapatikani udongo. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakiyala, akaagiza waokotwe kwa wingi na kumwagwa chini ya miti. Majani yakatoka matumboni mwao yamesagika, bakteria wakamalizia kazi, na udongo mweusi ukaanza kujengeka juu ya jiwe.

Kuanzia hapo ndege walileta mbegu bila kuombwa, ilhali pofu na choroa, wanyama wa jamii ya swala, waliletwa na watu, na mwaka 1984 wananchi wakafunguliwa milango. Wengi wanapajua kwa ajili ya Owen, kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamwandama kobe mkongwe aitwaye Mzee. Sina ugomvi naye, ila sifa za mahali pale mimi ningempa jongoo.

Nasisitiza hili kwa kuwa wapo wanaodai kwamba mwenye machimbo akishaondoka, viumbe watarudi wenyewe. Pale Bamburi viumbe walirudi baada ya mtu kuwatangulizia mti na mdudu wa kuyala majani yake hadi yaoze. Kwa hiyo mkipewa ripoti ya machimbo yaliyokarabatiwa, msiridhike na idadi ya miche. Ulizeni majani yanayoanguka yanaliwa na nani.