Bei ya taa weusi wa Xingu: dola mia kadhaa kwa mmoja, maelfu kwa mwingine

Ndugu wasikilizaji, tutazungumzia bei ya taa wa maji baridi, samaki bapa wenye mwiba mkiani, na nitamtumia mmoja kama mfano: Potamotrygon leopoldi, yule mweusi mwenye madoa meupe. Kwao ni mto Xingu na matawi yake huko Brazili, na jina lake la kisayansi alipewa mwaka 1970. Wengi wanaouzwa sasa hawajawahi kuuona mto huo; wamezaliwa kwenye matangi ya Taiwan, Thailand, Indonesia na Ujerumani. Pamoja na hayo, kitoto kimoja huuzwa kwa dola mia kadhaa na kingine cha umri uleule kwa maelfu.

Tuanze na tumbo la jike, maana huko ndiko uhaba unakotoka. Taa huyu hatagi. Hubeba mimba miezi mitatu au minne hivi na kuzaa vitoto hai, mara nyingi chini ya kumi kwa uzao mmoja. Kitoto jike naye huhitaji kama miaka mitatu, pengine zaidi, kabla hajaanza kuzaa. Kwa hiyo mfugaji aliyepata jike mwenye sura ya pekee hawezi kulijaza soko kwa msimu mmoja hata akitaka. Na ndiyo sababu jike humshinda bei dume mwenye madoa yaleyale: dume mmoja hupanda majike kadhaa, hivyo madume hubaki wengi sokoni. Jinsia huonekana tangu siku ya kuzaliwa. Tazama chini ya shina la mkia: dume ana viungo viwili kama vijiti laini kwenye mapezi ya nyuma, jike hana. Muuzaji anayekwambia kitoto bado ni kidogo mno kutambulika, usimkubalie.

Sasa madoa. Mnunuzi mzoefu huangalia kwanza weusi wa mgongo. Ukiwa na ukahawia, bei hushuka hapohapo. Kisha huangalia weupe wa doa: liwe jeupe kweli, lisiwe la manjano, na ukingo wake uwe mkali. Halafu huhesabu mistari ya madoa kuelekea pembeni. Taa wa kawaida ana madoa makubwa katikati, na pembeni huwa machache au yamefifia. Wale wanaoitwa “black diamond” madoa yao hufika hadi ukingoni mwa mwili na kushuka kwenye mkia. Doa jeupe lenye doa jeusi ndani yake huongeza thamani, hasa yakipangika sawasawa kushoto na kulia.

Hapa picha hudanganya. Taa hubadilika kidogo kufuatana na sakafu: kwenye mchanga mweusi hukolea, kwenye sakafu nyeupe hupauka. Omba video ya taa akiwa kwenye beseni jeupe, chini ya mwanga wa kawaida. Akibaki mweusi humo, ni mweusi kweli.

Albino wana hesabu yao. Ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Ukipandisha wawili wenye sura ya kawaida lakini waliobeba ualbino, kila kitoto kina nafasi moja kati ya nne ya kuwa albino. Kwa uzao wa vitoto sita, kuna takriban asilimia 18 usipate hata mmoja, na umeshasubiri mimba nzima. Ndugu zao wenye rangi ya kawaida pia huuzwa ghali, kwa kuwa wawili kati ya kila watatu huwa wamebeba ualbino. Lakini kwa macho huwezi kujua ni wepi, na kumthibitisha mmoja kwa kumzalisha huchukua miaka. Nasema wazi: anayeuza “huenda amebeba” kwa bei ya aliyethibitishwa anamwonea mnunuzi.

Uchotara ndio unaoharibu soko hili zaidi. Taa wa Xingu hupandana na taa wa aina nyingine, kama P. motoro na P. henlei, bila shida, na wakiwekwa tangi moja utapata vitoto. Baadhi huonekana kama wa asili wakiwa wadogo, kisha ukahawia hutokea wakikua. Dawa ni picha za mama na baba, pamoja na vitoto vya uzao uliotangulia. Bila hizo, mlipie kama chotara.

Halafu karatasi. Tangu 2023 leopoldi yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Hata aliyezaliwa tangini huhitaji hati ili avuke mpaka, na mfugaji asiyeweza kuonyesha wazazi walipatikana kihalali hukwama. Kwa hiyo mwenye hati huuza juu, na ana haki.

Usafiri nitaugusa tu: kitoto hufungwa kwenye mifuko miwili yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, akiwa hajalishwa siku mbili tatu, mwiba umevishwa kipande cha mpira. Kila lita ya maji ni kilo unayolipia kwenye ndege. Taa mzima wa sentimita 45 hugharimu zaidi kwa njia hiyo tu.

Lililobaki ni afya. Vitoto huzaliwa na akiba ya kiini tumboni na hula kwa kujitegemea ikishaisha. Anayeuzwa kabla ya hapo huwa wa bei rahisi, na wengi wao hufa. Kagua nyonga kwenye shina la mkia: ikitokeza, ana njaa ya muda mrefu. Kingo za mwili zikijikunja juu, mwache. Mara nyingi hapo hakuna kurudi. Kisha mwombe muuzaji amlishe minyoo mbele yako. Kama bado hajaanza kula, mwache kwake wiki mbili zaidi na ukubali kulipa ongezeko la bei.