Kuchora Blitsi ya Ukanda katika Mchezo wa Futiboli ya Kimarekani

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo, ndani ya mchezo wa video wa futiboli ya Kimarekani, tunachora mbinu moja ya ulinzi, blitsi ya ukanda, yaani kumvamia mrushaji wa pasi huku mtu mmoja wa mbele akirudi nyuma kulinda eneo, ambayo kocha Dick LeBeau aliijenga akiwa na timu ya Cincinnati Bengals katika miaka ya 1980 na ambayo baadaye iliipa sifa Pittsburgh Steelers. Ninaipenda kwa sababu inamlazimu mchoraji kuhesabu wachezaji kabla ya kugusa mshale wowote.

Basi tuhesabu. Wapinzani wako 11, na kati yao watano tu, mbali na kwotabeki mwenyewe, yaani mrushaji wa pasi, ndio wanaoweza kukimbilia pasi, kwa kuwa watano wa safu ya mbele kazi yao ni kuzuia. Sisi tutatuma watano kumvamia kwotabeki, na sita watabaki kulinda maeneo.

Fungua ukurasa wa kuchora mbinu, uchague mpangilio wa 3-4, yaani wanaume watatu mbele, lainibeka wanne (walinzi wa safu ya pili) nyuma yao, konabeki wawili (walinzi wa pembeni) na sefti wawili (walinzi wa nyuma kabisa). Kushoto na kulia ninakotaja ni kwa macho ya walinzi.

Wape konabeki wote wawili na sefti mmoja theluthi tatu za nyuma. Uwanja una upana wa yadi 53 na kidogo, hivyo kila mmoja ana eneo lisilofika yadi 18. Sefti wa pili mshushe alinde eneo fupi la kulia, na lainibeka wa pembeni kushoto alinde eneo fupi la kushoto. Lainibeka watatu waliosalia, pamoja na watu wawili wa mbele, wa katikati na wa kulia, wachoree mishale ya kumwendea kwotabeki.

Sasa tufike penye uzito, kwa mtu wa mbele kushoto. Huyu anarudi nyuma yadi tano au sita na kusimama katikati, mahali walipotoka lainibeka wawili, kwa sababu kwotabeki anayeona wavamizi wakija hutupa pasi ya haraka hapohapo walipoondoka. Lakini asirudi mara tu mpira unapoanzishwa. Mpe kwanza amri ya kupiga hatua moja mbele na kumgusa mzuiaji wake, ndipo arudi. Nilipochora mara ya kwanza niliiruka hatua hiyo, na yule mzuiaji, alipokosa mtu wa kumshughulikia, alikwenda kuwasaidia wenzake kulia, uvamizi ukafa. Tazama hapa nikirudisha mchezo polepole: mkono unagusa kifua, mzuiaji anaganda, na upande wa kulia lainibeka anapenya bila kuguswa.

Ijaribu kwenye mazoezi angalau mara kumi dhidi ya pasi fupi, kisha dhidi ya wakimbiaji wanne wanaonyoosha moja kwa moja nyuma, maana hapo walinzi wetu watatu wa nyuma wanazidiwa, na ni lazima uvamizi ufike kabla mpira haujarushwa. Mbio za kubeba mpira kupitia kushoto nazo zitatuumiza. Kwa hiyo mimi huitumia katika jaribio la tatu kati ya manne ambayo wapinzani hupewa kusogeza mpira yadi kumi, zikiwa zimebaki yadi saba au zaidi, wakati pasi inatarajiwa.

Ukiridhika, ihifadhi, kisha uchore nakala yake iliyogeuzwa, kulia kuwe kushoto, kabla mpinzani hajauzoea upande mmoja.